Mgao

Nesi Nyemo alisema nikae wima,
nyayo sakafuni, ulimi nyuma ya meno,
nivute pumzi nikihesabu nne,
niishike kama mtu aliyeshika yai,
kisha niiachie kwa sita, polepole.
"Sasa ona mwanga," akasema. "Mweupe.
Unaingia utosini, unashuka mabegani,
unatokea viganjani."

Nilifumba macho, nikaona vumbi.
Sijui ni nani hapa Dodoma
anayefumba macho mwezi wa nane
akaona kitu kingine.

Mimi ni mtu wa pampu. Miaka kumi na tisa Mzakwe,
visima vikinguruma usiku chini ya kitanda cha zamu.
Mwanga siujui.
Mwanga ni Tanesco, na Tanesco ni habari nyingine.

Basi nikafanya kwa nilichonacho.
Nikayaona maji
mita mia chini, ndani ya mwamba, baridi,
hayajaitwa bado na mtu yeyote.
Nikayavuta kwa nne.
Yakapanda uti wa mgongo kama bomba la inchi sita,
yakagonga shingo (hapo pana kona,
hapo presha hupotea, kila fundi anajua),
nikashika kwa nne, nikingoja geji ipande,
nikafungua vali ya bega la kulia, ya kushoto,
viwiko, viungio vyenye kutu,
mpaka viganja vikaanza kuwasha
kama bomba la uani baada ya siku tatu za mgao:
kwanza hewa, inakohoa,
kisha maji mekundu,
kisha maji.

Sechelela amelala ubavu, mgongo kwangu.
Mkono wake wa kushoto umevimba tangu Januari,
tangu walipoondoa titi na tezi za kwapani,
mzito kama gunia la uwele lililonyeshewa.
Pete tulijaribu kuitoa kwa sabuni na uzi, ikagoma.
Nikaikata kwa msumeno wa chuma.
Vipande viwili ninavyo, kwenye kopo la spea.

"Unafanya nini huko nyuma? Unapumua kama punda."
"Nahesabu."
"Hesabu kimya."

Mwendwa, dada yake, alichungulia mlangoni akacheka:
shemeji siku hizi mganga?
Hapana. Vidonge anameza, bendeji ya kubana anavaa,
kliniki hatujakosa hata mara moja.
Mimi nimesimama tu kwenye foleni na ndoo yangu
kama watu wengine.

Nesi alisema: viganja viwe juu ya ngozi kidogo, visiguse.
Hilo nililishika vizuri mno.
Wiki tano sikugusa.
Nilisema naogopa kumuumiza.
Nilikuwa naogopa pale palipo bapa,
mahali ambapo mkono wangu ulizoea njia gizani
na sasa haukuijua.

Usiku wa jana upepo ulinyamaza ghafla,
hata mabati yakashangaa.
Nilikuwa kwenye tatu, au kwenye nne,
viganja vikashuka vyenyewe.
Ngozi pale ni laini, ina mikunjo
kama nailoni iliyopitiwa na moto.
Grisi ya miaka kumi na tisa haitoki kucha zangu
hata kwa majivu, nikataka kuviondoa.

"Hapo," akasema.
"Panauma?"
"Hapo. Acha kuhesabu."

Sikuona maji. Sikuona kitu.
Mbavu zake zilipanda, zikashuka,
na mikono yangu ikapanda ikashuka nazo
mpaka nikasahau pumzi ipi ni ya nani.

Asubuhi nikapima mkono kwa futi ya fundi cherehani,
chini ya kiwiko, nilivyofundishwa.
Thelathini na mbili na nusu.
Juzi ilikuwa thelathini na mbili na nusu.
Nimeandika hivyo hivyo kwenye daftari,
nikaongeza pembeni: amelala mpaka saa kumi na moja.

Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili.
Leo ni siku ya Ipagala.