Utupe Leo

Saa tisa na nusu usiku
Kuruvila hujifunga taa kipajini,
hunywa chai yake amesimama, kama mgeni,
kisha hutoka na kisu chake cha ncha iliyopinda
kwenda kuamsha miti mia tatu na kumi ya mpira
kilimani juu ya mto, hapa Ranni.

Haombi kwa sauti. Nilidhani haombi kabisa.
Miaka kumi na tisa ya ndoa nikimhesabia:
kanisani husinzia kabla waraka haujasomwa,
noti ya sadaka huikunja mara nne isijulikane ni ya ngapi.
Mpaka alfajiri ile alipoumwa mgongo
nikamfuata kumshikia ndoo.

Basi nikaona.
Kila mti huugusa kwanza kwa kiganja,
kama mtu anayepima homa ya mtoto,
ndipo hulikata gome kwa mshazari:
mkato usizame sana, mti usijeruhiwe,
usiwe wa juujuu, sisi tusilale na njaa.
Utomvu huteremka mfereji wake,
tone, tone, ndani ya kifuu,
naye husema neno moja, kwa pumzi, si kwangu:
"Nanni."
Kwa lugha yetu ndiyo asante.
Mara mia tatu na kumi.
Nilipomuuliza aliona haya kama aliyefumaniwa.
"Ni kupumua tu," akasema.

Mimi dini yangu iko mdomoni.
Hushukuru kwa orodha, nikipeleleza nani anasikia.
Jikoni kwa watawa, ninakopikia watoto wa shule,
humhimidi Mungu kwa gunia la mchele lililofika
na papo hapo humsengenya aliyelibeba.

Mwezi wa saba mvua ilinyesha siku kumi na moja.
Mvua ikinyesha kisu hulala.
Bei nayo ilishaporomoka; Pappachan mnunuzi
aligeuzageuza mpira wetu uliokaushwa kwa moshi,
akaunusa kama samaki wa juzi,
akasema, "Daraja la nne." Tukasema haya.
Chuo cha uuguzi kinadai ada ya Jincy.
Bati linavuja, na linavujia juu ya mashine, si penginepo.
Nikamwambia Mungu: leo sina neno, usiningoje.

Jioni tukakaa mkekani kama kawaida,
Ammachi katikati, mama mkwe wangu,
miaka themanini na minne,
aniitaye kwa jina la dada yake aliyezama mtoni.
Sala ya Bwana bado ni yake kuiongoza;
hakuna aliyethubutu kumpokonya.
Akaanza vizuri. Akafika "utupe leo,"
akasimama.
"Utupe leo," akasema tena.
Jincy akanitazama. Mihogo ilikuwa inapoa.
"Utupe leo."
Neno linalofuata nilikuwa nalo ulimini, tayari kumkumbusha,
Kuruvila akanigusa goti: ngoja.
"Utupe leo,"
kama mtu anayepiga hodi kwenye mlango anaoujua.
Mara ya sita. Ya saba.
Labda kasahau. Kasahau, ndiyo,
lakini alichobakiwa nacho kilitosha.
Hakuomba kesho. Hakuomba bei.
Leo: bati linalovuja, lakini bati;
mihogo iliyopoa, na mikono mitano
inayoigombania pilipili moja.

Kuruvila akasema amina, taratibu,
kana kwamba sala imefika mwisho wake,
na Ammachi akafumbua macho, akauliza chumvi iko wapi.

Sikugeuka mtakatifu.
Keshoye nilimfokea mume wangu kwa viatu vyenye tope.
Ila siku hizi nikipakua wali shuleni, sahani mia mbili,
huijaribu kila sahani: kiganja kwanza, kisha lile neno.
Hufika ya thelathini, arobaini nikibahatika,
mara mtu ananiudhi, hesabu inapotea.
Asubuhi huanza tena na moja.