Dhahabu ya Jumamosi

Kwanza karai. La plastiki, la kijani,
jepesi kama ungo usio na nafaka,
lina matuta ubavuni ya kunasa kizito.
Pauni kumi na nne. Nimelificha nyuma ya pasi
kana kwamba humu ndani kuna wa kuniuliza.

Halafu buti. Hizi ni za marehemu Wattie.
Ishbel wa jirani kazitoa banda la nyuma,
akazigonga ukutani, buibui akatoka,
akasema, "Alivulia samoni hizi. Usizirudishe."
Ni kubwa. Navaa soksi mbili, ya tatu naisokota vidoleni,
natembea sebuleni, kwapu, kwapu,
Sanquhar nzima inaamka, mimi ndiyo kwanza
natoka zamu ya usiku, kugeuza wazee wa watu vitandani.

Chekecheo: nimetoboa ndoo ya rangi kwa msumari wa moto.
Bisibisi nimeipinda ncha, ipenye nyufa za mwamba,
maana kizito hakipendi kuonekana,
hushuka chini kujibanza, kama deni.
Sumaku ya spika mbovu, ya kuondoa mchanga mweusi.
Chupa ya kunyonyea ilikuwa ya shampuu,
bado inatoa povu na harufu ya tufaha.
Lenzi. Glovu. Chai ya tangawizi.
Neti ya kichwani, kwa ajili ya usubi:
wa huku hawana haya, wanang'ata hata kope.
Kibali, nimekikunja mara nne ndani ya nailoni.
Na kipande cha godoro cha kupigia magoti,
nimekikata kwenye godoro la wageni,
mwaka wa sita huu hawajaja.

Baba kapiga simu kutoka Nyarugusu.
"Kabula, nasikia na wewe umeingia machimboni."
Nani kamwambia? Namsomea vitu kimoja kimoja.
Kwenye buti anacheka. Kwenye kibali anaguna.
"Zebaki je?"
"Hairuhusiwi, baba. Wala siitaki."
Kimya. Nasikia simu ikimgonga sikio, tik, tik,
mkono ule ule,
miaka ishirini ya kuikamua zebaki ndani ya kitambaa.
"Basi umetumia ngapi mpaka sasa?"
Namtajia nusu.
"Na umepata gramu ngapi?"
"Bado sijaenda."
Anacheka hadi simu inakatika.

Kijito cha Mennock kina rangi ya chai ya mkandaa.
Kondoo wananitazama kama maofisa wa madini.
Nikazamisha, nikatikisa, nikazungusha,
na mkono ukajua: huu ni mchele, huyu ni mama.
Ila mama alitoa mawe akabakiza mchele,
mimi namwaga mchele kutwa nzima nikitafuta jiwe.
Mvua ikaja. Ndiyo iliyonipa jina, sikuikimbia.
Magoti yakafa ganzi juu ya godoro la wageni.

Karai la arobaini, labda. Ukingoni mwa mchanga mweusi
kuna kitu kilikaa. Maji yakaenda, chenyewe hakikwenda.
Kidogo kuliko chembe ya sukari,
lakini njano yake, bonde zima
halikuwa na njano nyingine ya namna ile.
Nikakigusa kwa kidole cha shahada, kikanata.
Nikafungua begi kwa mkono wa kushoto.
Lenzi ipo. Sumaku ipo. Chai ipo.
Kichupa.
Kichupa cha kutilia dhahabu,
kitu kimoja tu ambacho sikukiandika.

Basi nimeendesha hadi nyumbani
kidole kimesimama juu ya usukani,
na kila anayekuja mbele yangu,
trekta, gari la posta, lori la kondoo,
dereva ananyanyua chake kunijibu.