Kiraka Kisicho na Tundu

Jaketi la jinzi alilinunua kwenye mitumba ya kanisa,
yuro nne,
na harufu ya tumbaku ya mtu nisiyemjua
akapewa bure, kama nyongeza.
Saimi kalitandaza juu ya meza yangu ya kulia,
akapanga viraka kumi na kimoja,
akavihamisha, akavipanga tena,
kama mtu anayewapa wageni viti
akijua nani na nani hawasemezani.

Nikamuuliza tundu liko wapi.
Maana kiraka nilichokijua mimi
kilikaa gotini, kilikaa kiwikoni;
mama alikitia usiku, ili asubuhi darasani
nisitirike mbele ya watoto wa mwenye duka.
Kilikuwa kitu cha kufunika kwa kiganja.
Hiki cha Saimi hakizibi chochote.
Kimoja kina kichwa cha mbwa mwitu,
vingine majina ya bendi yaliyoandikwa
kama mizizi ya msonobari ulioangushwa na upepo.
Nilivaa miwani, nikaivua, sikuambulia hata herufi.
"Si ya kusomwa, babu. Ajuaye anajua."

Haya. Nikavuta kiti, nikavaa subana.
Miaka thelathini na minne
nilishona miavuli ya marubani
katika karakana nje kidogo ya Jyväskylä,
na mwisho wa kila mstari nilitia alama yangu
ili mtu akianguka
ijulikane ni mkono wa nani.

Saimi akaniondolea sindano vidoleni.
Kumbe kuna sheria:
avaaye ndiye ashonaye.
Ukishonewa, huna lako.
Nikabaki na subana kidoleni
kama pete ya bwana harusi aliyekimbiwa.

Akatunga uzi mrefu kuliko mkono wake.
Nikajiuma ulimi.
Akapiga fundo kubwa kama punje ya mahindi.
Nikajiuma tena.
Akajichoma, tone la damu likaingia
kwenye jicho la mbwa mwitu,
naye akafurahi, kana kwamba amelipia kitu.
Mishono yake ilikwenda kama nyayo za sungura thelujini:
mmoja huku, mmoja kule,
halafu kapotea.

Usiku ule sikulala. Machi,
barafu ya ziwa ikiguna kama inageuka kitandani.
Nilijiambia nakwenda kunywa maji.
Nikawasha taa ya jikoni,
nikafumua mitatu tu, ile ya sikio,
nikairudia.
Nilijaribu, Mungu ni shahidi, kuikosea.
Nilipeleka sindano kombo, mkono ukairudisha.
Nilifumba jicho moja.
Nikatumia mkono wa kushoto.
Ikatoka mitatu imenyooka, imelingana, kimya,
kama askari watatu waliopotea sokoni.

Asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa viatu.
Akapitisha kidole gumba juu ya sikio,
akasita.
Hakupandisha sauti.
"Babu," alisema, "hapa kuna mtu."
Akachukua mkasi, akakata yangu yote mitatu,
na kwa haraka akashika uzi uliokuwa karibu,
mwekundu, wakati vyote vingine ni vyeusi,
akashona amesimama palepale mlangoni,
baridi ikiingia bila kubisha hodi.
Akakata uzi kwa meno.
Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akikata,
na mkasi ukiwa mfukoni mwa aproni.

Basi lilikuwa linakunja kona.
Nilimtazama kutoka dirishani
akivuka barabara iliyoganda,
mbwa mwitu katikati ya mabega,
na ncha ya uzi mwekundu ikipeperuka,
haijafichwa, haijafungwa vizuri.
Nikahesabu, mazoea tu,
kama tulivyohesabu siku za majaribio
tukiwa tumeinua shingo:
moja, mbili, tatu, nne,
hadi mlango wa basi ukamfungukia,
akapanda.
Hakuanguka.