Pamba

Miaka ishirini na miwili Siwatu ameimba mbele ya monita,
spika zilizolala chali miguuni pake, zikimfokea.
Sasa akizima taa alale husikia nzi chumbani,
na nzi hayupo.
Ndipo tajiri wa bendi akaenda Mtaa wa Aggrey
akarudi na visikizio vya kupachika masikioni,
vidogo kama punje za mahindi.

Usiku wa kwanza, Tandika, ukumbi wa nyuma ya gereji,
nilimpa kila kitu: gitaa la Ndauka kulia, besi katikati,
sauti yake mwenyewe imeoshwa ikaanikwa.
Hakupotea noti hata moja.
Nikajipongeza. Nikaagiza soda.

Akashuka jukwaani uso umemkunjamana.
"Umenitia pamba, mwanangu.
Mimi bado sijafa."

Kumbe kuna mama alikuja kumtunza,
akambandika elfu kumi kwenye paji la uso,
akamsemesha huku machozi yanamtoka,
naye akaitikia kwa kichwa tu
kama mtu anayepungiwa na abiria wa gari lisilo lake.
"Alisema nini yule? Wewe ulimsikia?"
Mimi nilikuwa mbali, kwenye mikisa, na soda yangu.

Jumamosi iliyofuata akachomoa kimoja, kikaning'inia shingoni.
Nikamkataza. Sikio lililo wazi litaumia,
lililozibwa litadai liongezewe,
mwisho utazika yote mawili.
"Basi nipe njia. Si wewe ndiye fundi?"

Nikaazima maiki mbili za kwaya, kanisani Mtoni,
nikazisimamisha pembeni mwa jukwaa, zimeupa muziki mgongo,
zinawatazama watu.
Haziendi kwenye spika kubwa. Zinakwenda kwake tu.
Nikasogeza kitufe kidogo, kidogo tena,
kama anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mgeni.

Kwa hedifoni yangu nikasikia alichosikia:
jenereta; mafuta ya chipsi; viatu vikikwaruza saruji;
mlevi anadai wimbo ambao hatujawahi kuupiga;
mtu anasema, "Shuwea, zipu!";
Ndauka anamtukana mpiga dramu, kwa mapenzi.
Halafu kiitikio, watu mia na kitu,
nyuma kidogo ya mdundo, kama wanavyochelewa siku zote.

Siwatu akafumba macho.
Akachelewa nao.

Yule mama hakuja usiku ule, wala uliofuata.
Kila tukianza Siwatu hutupa jicho mlangoni.
Mimi nimebandika plasta nyeupe kwenye mikisa,
pale kitufe kinapotakiwa kusimama,
na watu wakishatawanyika sikishushi upesi.
Viti vinapandana. Ufagio unapita.
Mlinzi anakohoa getini.
Naye amekaa ukingoni mwa jukwaa, kavua viatu,
visikizio bado masikioni.