Ukurasa wa Hatari

Kampala wameniandikia: Asekenye,
jaza ukurasa wa hatari za biashara, tawi la Soroti.
Mistari minane yatosha. Mwisho Ijumaa.
Nimekaa na kalamu; nyuma yangu
televisheni thelathini na mbili
zinaonyesha mpira mmoja, zimenyamaza zote.

Naanza na dola, maana hiyo wanaielewa.
Twanunua kwa dola, twauza kwa shilingi,
na shilingi ina homa ya vipindi:
asubuhi yatembea, jioni yatetemeka.
Ya pili, kontena. Limelala Malaba siku kumi na tisa
likisubiri mhuri mmoja
wa afisa aliyekwenda kuzika.

Ya tatu nimeandika: radi.
Gweri, mwezi wa nne, ilishuka na waya wa antena
ikala vioo sita kwa tonge moja.
Dhamana yetu inasema, "isipokuwa kwa kudra ya Mungu."
Ekwaru aliisoma mara mbili, akavua miwani:
"Na Mungu ametia sahihi wapi?"

Ya nne, mvua. Siyo ikinyesha; isiponyesha.
Mkataba wetu unadai kila tarehe tano,
karanga haijui tarehe tano.
Inakomaa ikikomaa, inauzwa, ndipo simu zetu zinalia
malipo, malipo, malipo, wiki mbili tu,
kisha kimya hadi muhogo.
(Fainali ikikaribia, hapo hata wadeni sugu huokoka.)

Ya tano ni Okiring.
Kibanda chake ki mkabala na soko, mwavuli mwekundu;
kwa shilingi elfu kumi anafungua king'amuzi
tulichokifunga sisi. Tulimsomesha sisi.
Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema;
chetu kimevaa hata fulana ya kampuni.

Ya sita: mshindani mpya, barabara ya Mbale,
anatoa kioo bila malipo ya kwanza, na beseni juu.
Sijui atakula nini. Labda sisi.

Ya saba nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika.

Akurut wa Katine, mjane, anayeuza mtama wa pombe,
alikuwa amelipa miezi kumi na saba
kati ya ishirini na minne.
Wa kumi na nane mtoto wake mdogo aliugua.
Sikwenda kwake. Hatuendi kwa mtu siku hizi:
nilibonyeza hapa, kitufe kimoja, kabla ya chai,
na kule Katine kioo kikafa, na taa nayo,
kwani taa na kioo hunyonya betri moja.
Jioni ile binti yake mkubwa
aliachia hesabu za mtihani katikati ya kugawanya.

Alikuja nacho kwa baiskeli, kimefungwa shuka
kama mtoto anayerudishwa kwa baba yake.
Hakupiga kelele. Alisema, "Yoga,"
akakiweka mezani, akakifuta vumbi, akaniuliza:
"Ile miezi kumi na saba,
kilikuwa changu au chenu?"

Nilifungua mkataba. Upo, kurasa kumi na moja,
kwa Kiingereza, herufi za ukubwa wa chawa.
Jibu limo. Sikumsomea.

Wiki ile, njia ya Katine, nyumba nne
zilirudisha vioo vyao, bila deni, bila neno.

Ya nane niliandika: mwenye kujaza fomu hii.
Nikatuma.

Jumatatu Kampala wakajibu: Asante.
Ya nane hatukuielewa, tumeiondoa.
Ya saba ni maneno matupu. Weka tarakimu.

Nikaweka: 17.