Diski Ndani ya Soksi

Saa nane usiku Barabara ya Kirinyaga imenyamaza,
isipokuwa mlinzi wa gereji anayekohoa chini
na feni ya mashine yangu, nayo inakohoa.

Diski imetoka zahanati ya Kibra:
kadi ya kijani, haina hata jina la kiwanda.
Daktari Nyamoita alinikabidhi ndani ya soksi ya mtoto.
"Kuna watoto humu," alisema. "Wa miaka sita."
Hakuna kiendeshi kinachoitambua.
Basi naandika mimi.

Kwanza naomba namba.
Kiini cha mfumo si msemaji. Ukikipa sifuri
kinakuchagulia chenyewe: mia mbili hamsini na nne.
Hiyo ni namba kuu, namba ya ukoo.
Namba ndogo ni za wana:
diski nzima sifuri, kipande cha kwanza moja,
cha pili mbili, kama mlango wa nyumba za kupanga.

Kisha jina, herufi chache tu.
Kisha nani atafungua, nani atafunga,
nani atajibu ombi likibisha.
Kisha ukubwa: sekta milioni mbili na ushee,
kila sekta baiti mia tano na kumi na mbili.
Basi. Hayo tu.

Mimi nilipotimiza kumi na minane
karani pale Makina aliuliza jina la babu.
Nikasema: Farajalla.
Akauliza la babu yake babu.
Nikapelekwa kwenye benchi, mbele ya wazee watano
wanikague kama fenesi, kwa kugonga.
Nilileta cheti changu, cha mama, barua ya chifu,
na risiti ya maji, kwa kukata tamaa.
Miaka mitatu. Karatasi ya kusubiri
ilichanika kwenye mkunjo, nikaibandika kwa selotepu.

Kiini hakijauliza diski hii ilizaliwa wapi.

Lakini usikione kipole. Saa tisa nilikosea.
Niliitangaza diski kabla foleni haijawa tayari,
na tangazo ndiyo hatua ya mwisho, haina majaribio:
kabla amri yenyewe haijarudi
maombi yamekwisha jaa mlangoni,
la kwanza likitaka sekta sifuri, lione vipande.
Niliita wageni na maji ya ugali hayajachemka.
Mashine ikaganda. Skrini nyeusi, kishale hakipepesi.
Nikazima, nikawasha, nikatukana kwa Kinubi,
lugha ambayo mama anaiombea dua.

Mara ya pili nilipanga mstari kwa mstari.
Foleni kwanza. Kufuli. Ukubwa.
Nikavuta pumzi. Nikatangaza.

Sekta sifuri ikasomeka.
Vipande viwili vikajitokeza, moja na mbili, na majina yao.
Nikatazama maombi yakipangwa:
hayaendi kwa aliyesukuma zaidi,
ila la sekta ya mia saba humtangulia jirani wa mia nane,
na yaliyopakana huungana yakawa ombi moja.
Makina sikuona foleni ya namna hiyo.

Saa kumi na mbili Nyamoita amefika na mandazi.
Amefungua faili la kwanza.
Msichana. Kilo mbili nukta nane.
Mama: Zamzam Fadlalla, Lindi.
Safu ya babu ipo. Haijajazwa.

Ananakili kwa kalamu, kwenye daftari la kurasa mia mbili,
kwa sababu, anasema, kalamu haigandi.
Sikubishana.

Nimejaribu kuitoa diski ili nimrudishie.
Kiini kimekataa:
kuna mmoja bado ameifungua.
Hesabu ni moja, na mpaka iwe sifuri
kiendeshi hakibanduki, hata niamrishe mara kumi,
hata mimi niliyekiandika.

Nimeketi na soksi mkononi.
Ni ya mguu wa kushoto, nadhani.
Ameramba kidole, amefunua ukurasa.
Mvulana. Kilo tatu kamili.