Mara Mbili Kila Kituo

Kaunti saba, na kila moja ina dini yake ya kuhesabu.
Ya kaskazini hunitumia majedwali yaliyonyooka kama shati la askari.
Ya mtoni hunitumia picha ya karatasi,
na juu ya karatasi duara la kahawa
limemeza Jumanne nzima ya Oktoba.
Kazi yangu ni kuyaingiza yote nyumba moja,
yalale bila kugombana,
ili modeli, ambayo haijawahi kungoja taa ya kijani,
itutabirie mwaka elfu mbili na hamsini
nani atapita wapi, saa ngapi, akikimbilia nini.

Nje, Ohio ni Aprili na matope.
Barafu ya mto Maumee imevunjika usiku, kwa kishindo.
Ndani nina vituo elfu nne mia moja na kumi na viwili
na barabara moja yenye majina matatu:
Kiwanda cha Matofali, kwa wakazi;
Kumi na Tisa, kwa kaunti;
na kwa jimbo, msururu wa tarakimu usiotamkika kwa pumzi moja.
Wiki nzima nilidhani ni barabara tatu.
Kumbe mtu mmoja, kofia tatu.

Kisha zile sifuri.
Kituo 2207, Februari: sifuri, sifuri, siku mbili mfululizo.
Modeli ingeamini. Huamini kila kitu, ndiyo tabia yake mbaya.
Nikampigia Verlin Oberhaus,
aliyetandaza mipira ya kuhesabia miaka thelathini na mmoja
akastaafu na magoti mabovu.
"Greda la theluji," akasema. "Lilikata mpira. Niliukuta mtaroni."
Nani huhesabu Februari?
"Bajeti ilikuwa inaisha Machi."
Nikafuta sifuri, nikaandika: hakuna kipimo.
Kutopita mtu na kutomwona anayepita si jambo moja;
mimi nalipwa mshahara kwa tofauti hiyo.

Alhamisi akaja mwenyewe, na maboksi matano ya viatu.
Madaftari. Penseli. Mwandiko wa mtu anayeandikia juu ya usukani:
*upepo mkali. trekta. ng'ombe, si wangu.*
*mazishi ya Bi. Tiedeman, magari arobaini na moja, usiweke.*
"Mazishi si siku ya kawaida," akaeleza.
Dorota, mkuu wetu, hakuinua macho kwenye kompyuta:
"Barabara ile? Siku hizi ndiyo siku ya kawaida."
Nikaongeza safu: maelezo.

Na kituo 0916, darajani.
Kila usiku, saa kumi kasorobo, ekseli mbili,
gari moja, mwaka baada ya mwaka, hadi 2009, halafu basi.
Muuguzi? Mwoka mikate?
"Saa hizo mimi nilikuwa nimelala," alisema Verlin. "Mpira ndio ulikuwa macho."
Modeli itakadiria kwa makumi.
Moja, kwa makumi, ni sifuri.

Mlangoni akageuka, kofia mkononi:
"Mimi umenitoa?"
Sikuelewa.
"Ukitandaza mpira unaupitia na gari, uone kama unasikia.
Ukirudi kuutoa, unaupitia tena.
Mara mbili kila kituo. Nilidhani mtu angenitoa."
Vituo mia nne kwa mwaka. Nikazidisha kichwani:
safari elfu ishirini na nne mia nane
za mtu asiyekwenda popote.
"Ni ndani ya kosa linaloruhusiwa," Dorota akasema. "Acha."
Nilikuwa nimeshaandika mstari wa kumfuta.
Kidole kikakaa juu ya kitufe
hadi taa za ukumbi, zinazozima zenyewe, zikazima.

Nikatoka kwenda nyumbani. Karibu na ghala la nafaka
mtu amekwisha kutandaza mpira mpya, mweusi, wa msimu.
Nikapunguza mwendo bila sababu.
Tak, magurudumu ya mbele.
Tak, ya nyuma.
Na ile sanduku iliyofungwa mnyororo kwenye nguzo
ikagawa kwa mbili, ikaandika:
mmoja.